Mistari Iliyokuwa Imechorwa Tayari

Likasi, 4 Februari 2024

Laure, mutoto yangu,

Mimi manseba yako Germain, kaka wa marehemu mama yako, nakusalimu, na wote hapa nyumbani wanakusalimu. Mke wangu, Tantine wako Émilienne, alilala na malaria, lakini juzi alirudi kwenye meza yake ya soko, kwa hiyo ujue amepona. Mvua haituonei huruma mwaka huu. Njia ya Kakontwe imekatika na malori ya chokaa yanalala barabarani. Umeme wa bwawa la Koni unakuja unapotaka wenyewe.

Masikio yangu ni yale yale. Mashine ya kusaga mawe iliyamaliza kabla sijastaafu, na ukinipigia simu nasikia kama mtu anakaanga samaki. Shekina ananiambia nikuandikie kwa simu yake, lakini kinachoingia katika simu ya binti yangu kinasomwa na ua mzima. Karatasi ni bora. Hii nampa Sista Carmel anayekuja huko wiki hii.

Sasa neno lenyewe. Ile habari kwamba kazi yako imetoka katika jarida kubwa la wanasayansi, nilimpelekea padri wetu, Abbé Symphorien. Jumapili, baada ya komunyo, akaisoma mbele ya watu wote. Alisema mtoto wa parokia hii amefanya nyuzi za plastiki zijipange zenyewe, mistari myembamba kuliko chochote ambacho jicho linaweza kuona, na kwamba kwa njia hiyo siku moja zitatengenezwa chipu za simu. Watu walipiga makofi. Tantine wako alilia. Mimi nilisimama tu, sikujua mikono niiweke wapi.

Ile picha ya mistari iliyotoka katika jarida nimeikuza katika studio ya mjini, nimeitundika sebuleni. Tena chama chetu, sisi wenye asili ya Kasai, ambacho unajua mimi ndiye mwenyekiti wake, kinakuomba uzungumze na wanafunzi wa lycée, sekondari yetu, ukija likizo ya Julai. Nimeshakubali kwa jina lako. Nieleze tu vizuri namna nyuzi zinavyojipanga, maana watu wananisimamisha njiani na kuniuliza, na mimi najibu kwa kubahatisha.

Manseba yako,
Germain


Liège, 17 Machi 2024

Manseba wangu mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Tantine na Shekina. Nashukuru Mungu Tantine amepona. Huku baridi inaanza kulegea. Mimi ni mzima. Magloire anakusalimu, yule mwenzangu wa Benin ambaye meza yake iko kando ya yangu. Mke wake amejifungua mtoto wa kike na sasa anasinzia mbele ya kompyuta.

Uliniuliza nyuzi zinajipangaje. Chukua nyuzi mbili za plastiki zisizopatana, kama maji na mafuta ya mawese. Ukiziacha huru, kila moja itakimbilia wenzake. Sisi tunazifunga, mwisho wa hii kwa mwanzo wa ile, ili zisiweze kuachana. Tunapaka tabaka lake jembamba mno juu ya bamba la silikoni, kisha tunalipasha joto. Nyuzi zinahangaika, kila upande unatafuta kukaa mbali na usioupenda bila kukata fundo, na mwishowe zinatulia zikiwa zimejipanga: mstari wa hizi, mstari wa zile.

Bila mwongozo mistari inajipinda kama alama za kidole. Kwa hiyo kabla ya kupaka tunachora kwanza, juu ya bamba, alama za kuongoza. Kuzichora kwa mashine ni kazi ya polepole sana. Nilichoandika mimi ni kwamba alama moja inatosha kwa mistari minne. Mmoja tunauchora sisi, mitatu nyuzi zinaijaza zenyewe, na zinaijaza bila kosa. Ndiyo sababu watu walifurahi.

Manseba, naomba uishushe ile picha sebuleni. Na umwambie mkurugenzi wa lycée asitangaze bado. Usiniulize sababu kwa sasa.

Ni mimi mwanao,
Laure


Likasi, 21 Aprili 2024

Laure,

Tunakusalimu. Pasaka ilipita vizuri. Abbé alitukumbusha kukuombea.

Picha sikuishusha. Mtu akiingia na kuona msumari mtupu ukutani ataniuliza, na mimi nitamjibu nini? Mkurugenzi naye ameshatangaza. Wanafunzi wanaandaa maswali.

Tantine wako anasema labda una mimba. Kama ni mimba, sema. Nyumba hii si ya kwanza kupokea habari ya namna hiyo, na wewe si msichana mdogo. Kama ni ugonjwa, sema pia. Lakini usiniamuru nishushe kitu halafu uninyime sababu. Nimekulea tangu hujajua kufunga viatu.

Germain


Liège, 12 Mei 2024

Manseba,

Salamu kwenu nyote. Hapa maua yametoka na watu wanakaa nje kwenye majani. Si mimba wala si ugonjwa. Barua hii usome peke yako.

Mwezi wa pili niliishiwa mabamba. Nikachukua moja la zamani, mojawapo ya yale yaliyotoa zile picha, nikaliosha kuondoa tabaka la juu ili nilitumie upya. Kabla ya kulipaka tena nililiweka chini ya hadubini, kwa mazoea tu. Nilitegemea kuona alama, kisha nafasi pana, kisha alama. Nikaona alama zimejaa. Kila mahali palipokuwa na mstari juu, chini yake pia palikuwa pamechorwa mstari.

Kabatini kulikuwa na masanduku mawili. Langu lina mabamba yenye alama chache. La pili ni la kupimia mashine, na mabamba yake yana alama zote. Kwa nje yanafanana. Nilichukua lisilo langu na sikukagua. Kwa hiyo nyuzi hazikujaza kitu, Manseba. Zilifuata tu kile kilichokuwa kimechorwa tayari, na mimi nikaandika kwamba zilijipanga zenyewe. Niliosha mabamba mengine ya zile picha nikitumaini. Yote ni hivyo hivyo.

Nataka ujue kwamba sikumdanganya mtu kwa kusudi. Lakini tangu siku ile, kunyamaza kwangu ni kwa kusudi. Profesa anasafiri na picha zangu, anazionyesha kila anakoalikwa. Magloire ameijenga tasnifu yake juu ya kazi yangu. Kila asubuhi ananiuliza swali kuhusu mabamba, nami namjibu huku nikitazama skrini yangu.

Hakuna mwingine anayeosha mabamba ya zamani. Nikinyamaza, huenda hakuna atakayejua. Wengine watajaribu kurudia kazi yangu, watashindwa, watadhani mikono yao ndiyo mibaya. Nikisema, makala itaondolewa na jina langu litabaki pale.

Niambie nifanye nini. Nitafuata neno lako.

Laure


Likasi, 2 Juni 2024

Mutoto yangu Laure,

Nakusalimu sana. Baridi ya kiangazi imeanza, tunaamka na makoti. Bati la jikoni nimelibadilisha upande ule uliokuwa unavuja. Vijana wa jirani wameacha masomo, wamekwenda kuchimba madini Kamatanda. Mama yao anashinda mlangoni akiwangoja. Shekina ameanza mitihani. Tantine wako sasa anauza pia sabuni, anasema inakwenda kuliko mchele. Mbwa alikufa.

Kuhusu jambo lako. Mistari ipo, wameiona kwa macho yao. Kilicho chini yake nani atakwenda kukitafuta? Wewe mwenyewe umesema hakuna anayeosha. Maliza doktora yako kwanza. Baada ya hapo utatengeneza kazi nyingine nzuri na hii itasahaulika.

Unajua sisi ni nani hapa. Familia zetu za Kasai zilifukuzwa katika mji huu tukiwa tumejazana stesheni na mizigo vichwani, na waliorudi walirudi na majina yao tu. Sitaki mtu asimame sokoni aseme mtoto wa Germain aliwadanganya Wazungu.

Nyamaza. Barua hii ukishaisoma, ichome.

Manseba yako


Liège, 25 Agosti 2024

Manseba,

Nawasalimu wote. Nafurahi kusikia Shekina amefaulu.

Barua yako ya Juni ilinifikia mwisho wa Julai. Aliyeibeba alikaa Kinshasa muda mrefu akingoja viza. Wakati huo nilikuwa nimeshasema.

Nilingoja neno lako mpaka nikashindwa. Asubuhi moja Magloire aliniletea bamba lake, limejaa mistari iliyovunjika, akaniambia kwa upole kabisa kwamba pengine hana mkono wa kazi hii, na akaniomba nimfundishe. Niliinuka nikaenda kwa profesa bila hata kuchukua daftari. Nikamwonyesha picha za mabamba yaliyooshwa. Alizitazama muda mrefu. Hakupandisha sauti.

“Umejua hili tangu lini?” aliniuliza.

Nikamwambia tangu Februari. Hapo akavua miwani. Kukosea sanduku, aliniambia, kunaweza kumpata yeyote, hata yeye. Lakini baada ya Februari alikuwa amesimama mbele ya watu katika nchi mbili akiapa kwa zile picha, na mimi nilikuwa nimemsindikiza mlangoni nikimtakia safari njema. Ilikuwa kweli, nilimtakia safari njema.

Magloire nilimkuta anaosha kikombe. Nilimweleza yote. Aliendelea kuosha kile kikombe kilichokuwa safi, kisha akasema, “Ungeniambia Februari, ningebadilisha mada. Sasa mkataba wangu umekaribia kwisha.” Kesho yake alihamishia meza yake chumba kingine. Mtoto wake sijawahi kumwona.

Makala imeondolewa. Ukiitafuta utaikuta na maneno juu yake kwamba haina thamani tena, na jina langu ndilo la kwanza. Sikuja Julai kwa sababu ya aibu. Nilikutumia neno wewe kwamba ni kazi nyingi, haikuwa kazi.

Kuhusu barua yako, nimeisoma mara nyingi. Ingefika mapema ningekutii, Manseba. Hilo ndilo linaloniogopesha. Sikuichoma.

Laure


Likasi, 13 Oktoba 2024

Laure, mwanangu,

Nakusalimu. Joto limekuwa kali, tunangoja mvua ya kwanza. Tantine wako ni mzima, ila katika nyumba hii maneno yamepungua, na sasa utajua kwa nini.

Barua yako ilikaa mfukoni mwangu siku nyingi kabla sijaweza kukujibu. Nilichokuandikia Juni ni neno la mtu mwoga. Ulikuja kwangu kuuliza njia, nikakuonyesha mahali pa kujificha. Na si hilo tu. Kuna jambo sikukuambia.

Julai ulipokosa kuja, wanafunzi walikuwa wamepanga viti. Mkurugenzi alinijia uani na kuniuliza uko wapi. Nikamwambia unaumwa. Lilitoka mdomoni kabla sijalifikiri. Yeye akamwambia Abbé, na Jumapili Abbé akataja jina lako kati ya wagonjwa. Nilipiga magoti pamoja na wengine, Laure. Nilikuombea upone.

Kisha akina mama wa parokia wakaja nyumbani, wakiongozwa na Mama Clémentine. Walikuja na unga, na mboga, na kuku mmoja, wakakaa chini ya ile picha yako na kusali rozari. Mama Clémentine aliweka mkono juu ya kichwa changu. Tantine wako aliwapikia chai, macho yamemvimba kwa kulia, kwa sababu yeye pia nilikuwa nimemwambia unaumwa. Walirudi tena na tena. Kuku tulimla.

Barua yako ya Agosti ilipofika, Émilienne aliniuliza, “Mutoto anasema nini? Iko namna gani?” Nikashindwa kuendelea kumdanganya. Nikampa barua zako zote azisome, ile ya Mei na hii. Alisoma pole pole, akazikunja, akaniambia karibu na sikio ili nisikie vizuri:

“Bale bamama balikuja kuombea mugonjwa mwenye haiko. Minye sitaenda tena kanisani na weye mpaka siku utawaambia.”

Alikwenda misa peke yake, akakaa benchi la nyuma. Watu waliona. Jumapili iliyofuata nilimwomba Abbé Symphorien ruhusa, na baada ya matangazo nikasimama mbele. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya Kifaransa, yote yalinikimbia. Nikasema kwa lugha yetu ya nyumbani:

“Laure haikukuwa mugonjwa. Minye njo mwenye niliwadanganya. Kazi yake ilikuwa na kosa, yeye mwenyewe aliliona, na yeye mwenyewe alilisema. Minye nilimwandikia anyamaze. Mutoto alisema kweli, na minye manseba yake nilimuficha kama mwizi.”

Unajua masikio yangu. Sikusikia kama walinung’unika au walinyamaza. Niliona tu midomo inatikisika, na vichwa vinainamiana. Nilirudi kwenye nafasi yangu katikati ya ile midomo. Émilienne alikuwa ametoka benchi la nyuma, amekuja kukaa pale ninapokaa. Hakunitazama.

Sitakudanganya kwamba yaliisha vizuri. Uenyekiti wa chama niliuacha, na hakuna aliyeniomba nibaki. Wapo wanaonipita sokoni kama nguzo. Mkurugenzi ananisalimu kwa kichwa tu. Mama Clémentine alikuja siku ya tatu, nikadhani amekuja kunitukana, na ningekubali. Alikaa, akaomba maji, akanywa. Kisha akasema kwa sauti kubwa, ua mzima ukasikia:

“Shiye tuliomba Mungu amuponyeshe. Tulikuwa tunaomba kwa kweli.”

Ni neno hilo tu, na tangu siku ile nalala nalo. Ningependa kama angenitukana.

Mwanangu, sikuombi usahau. Nakuomba tu unijibu, hata mistari miwili.

Germain


Liège, 24 Novemba 2024

Manseba,

Nakusalimu, wewe na Tantine na Shekina. Mpe Tantine salamu za pekee, umwambie nimesoma alichosema. Mvua natumaini imeshawafikia.

Ulipoandika habari ya akina mama na rozari niliiweka barua chini, nikatoka nje kutembea. Siku zile ambazo waliniombea nilikuwa mzima kabisa, nakula, nalala, nawakwepa tu. Nikija nitakwenda kwa Mama Clémentine mwenyewe. Sijui nitamwambia nini.

Habari zangu ni hizi. Profesa hakunifukuza. Amenipa mpaka mwaka ujao, nirudie kazi yote na mabamba ya sanduku langu, na kila bamba linakaguliwa na mtu mwingine kabla sijaligusa. Mwanzoni hilo lilinichoma. Sasa ndilo linaloniwezesha kulala. Nyuzi zinajaza nafasi, Manseba. Si kama nilivyoandika. Hapa mstari unakatika, pale miwili inaungana mahali isipotakiwa, na sijajua jinsi ya kuyaondoa makosa hayo. Lakini zinajaza. Picha ni mbaya, na kila kilichomo ndani yake ni kweli.

Magloire amepata muda kidogo wa nyongeza, kwa mada nyingine. Ananijibu nikimsalimu. Zaidi ya hapo hakuna.

Uliniomba mistari miwili na mimi nimeandika mingi, kwa sababu kile ninachotaka kusema sikipati. Nina hasira nawe bado. Si kwa sababu uliniambia ninyamaze. Ni kwa sababu nilikuandikia nikitumaini utaniambia hivyo. Nilikuchagua wewe kuuliza, nikijua unavyonipenda. Hilo ni langu, na niliona aibu kulibeba peke yangu, nikakutwika wewe.

Nafika kwa ndege Lubumbashi tarehe ishirini Desemba, mchana. Usilete watu wa chama, wala wa parokia, wala maua. Hata Shekina abaki nyumbani.

Njoo weye mwenyewe.

Laure